Mazoezi na presha: usiache kisa kilo hazishuki

Kila ikikaribia Mei 17, Siku ya Shinikizo la Damu Duniani, mahema ya kupima bure yanajaa na swali ni lile lile: "Dokta, mwezi wa tatu huu natembea, kilo hazishuki, si bora niache tu?" Usiache. Presha haisubiri mzani. Ukitembea kwa kasi mishipa inatanuka, na ukimaliza presha inabaki chini kwa masaa, saa nyingine karibu siku nzima, ukirudia rudia mwili unazoea, na kwa mwenye presha ile namba ya juu ya kipimo inaweza kushuka kwa pointi kama 5 hadi 8 hata kama suruali bado inabana vile vile.

Ila uzito nao una sehemu yake, tusidanganyane. Mafuta ya tumboni yanabana figo, mwili unashika chumvi, moyo unalazimishwa kufanya kazi zaidi muda wote, na wengi wenye shingo nene wanakoroma mpaka pumzi inakatika usiku, hilo peke yake linapandisha presha. Kwa hiyo mtu wa kilo 100 akitembea anapata faida yake, akipunguza na ugali kwenye sahani anaongeza nyingine, kila kilo inayotoka inaondoka na pointi moja hivi ya presha. Na asijilinganishe na mwembamba anayekimbia! Mwili mzito ukitembea haraka moyo unafanya kazi kubwa, ukiweza kuongea ila kuimba huwezi, inatosha, dakika 30 siku 5 kwa wiki.

Halafu kuna wembamba, "mimi presha niitoe wapi". Jamani hili tumelisema mpaka basi. Ukoo upo, chumvi ipo, figo zipo. Mazoezi yatakusaidia na wewe, ila huna kilo za kupunguza so usijinyime chakula, punguza chumvi, isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, na ile ya kwenye chipsi inahesabika.

Ukija kupima usije umetoka jogging. Nusu saa kabla hakuna mazoezi, kahawa wala sigara, nenda chooni kwanza, ukae kimya dakika 5 umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono mezani usawa wa moyo, usiongee, tunapima mara 2 tukiacha dakika moja katikati. Mkono mnene unataka mkanda mpana, mkanda mdogo unatoa namba kubwa ya uongo na mtu anaweza kuongezewa dawa bure, kwa hiyo uliza, hatukasiriki. Ikisoma 180 kwa 110 au zaidi mazoezi yanasubiri, unamwona daktari siku hiyo hiyo.

Na dawa usijiachishe kisa namba imekuwa nzuri, imekuwa nzuri ukiwa unazimeza. Ukianza kupata kizunguzungu baada ya mazoezi njoo na daftari lako la kliniki na dawa zako zote, daktari ndo atapunguza.