Tochi ya 24, na kwa nini sikununua ya lumeni 100,000

Umeme ulikatika saa tatu usiku nikiwa nimefungua amplifaya ya mteja. Nikawasha tochi, nikaibana kwa meno, nikasoma mistari ya rangi inayotaja thamani ya resista (kipande kidogo kinachozuia umeme) iliyokatika: nyekundu, nyekundu, nyekundu. Ohmu 2,200. Nikaweka nyingine, nikafunga kazi. Asubuhi nikaiokota ile ya zamani mezani, nikaitazama juani. Mstari wa tatu ulikuwa wa kahawia. Ohmu 220. Nimeweka iliyozidi mara kumi, na tochi iliyoniponza ni mojawapo ya zile zenye mwanga mkali kuliko zote nilizonazo.

Nina tochi 23 kwenye droo. Wengi wakijua hivyo, swali lao la kwanza ni moja: "Fundi, yenye lumeni nyingi ni ipi?" Silaumu. Maboksi yenyewe ndiyo yaliyotufundisha kuuliza hivyo. Lakini lumeni ni jumla ya mwanga wote unaotoka, popote unapokwenda. Kinachosema mwanga utafika wapi ni kandela, yaani ukali wa mwale pale katikati. Tochi mbili za lumeni 500 zinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa: moja inajaza jiko zima mwanga laini, nyingine inachoma tundu gizani hadi kwenye mti wa mwisho wa shamba.

Watengenezaji makini wanapima kwa kanuni inayoitwa FL1, iliyotoka Marekani mwaka 2009. Humo, "umbali wa mwale" ni pale mwanga unapofifia hadi kufikia laksi 0.25 (laksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali), sawa na mbalamwezi ya mwezi mpevu anga likiwa safi. Hesabu yake ni rahisi: chukua kipeuo cha pili cha kandela, zidisha kwa mbili, unapata mita. Kandela 10,000 ni mita 200. Ukitaka mita 400 unahitaji kandela 40,000, mara nne, si mara mbili. Na usidanganyike na hizo mita 200. Mbalamwezi itakuonyesha kwamba kuna mtu kasimama pale, haitakuambia ni nani. Mimi hugawa kwa mbili au tatu ndipo napata umbali wa kuutegemea.

Sasa zile zilizoandikwa lumeni 100,000 ambazo zimepangwa barabarani karibu na chaja za simu. Tupige hesabu kidogo. LED nzuri sana hutoa kama lumeni 200 kwa kila wati. Lumeni 100,000 zinataka wati 500 kwa uchache. Betri moja ya 18650, ile ya lithiamu ya kuchaji inayotumika kwenye tochi nyingi, iliyo bora inabeba kama wati-saa 12. Kwa hiyo tochi hiyo ingewaka chini ya dakika moja na nusu, na mkono ungekuwa umeshaungua kabla ya hapo. Namba iliyo kwenye stika si kosa la uchapaji, ni mbuzi ndani ya gunia.

Betri nazo ni hivyo hivyo. 18650 ni jina la vipimo tu: unene milimita 18, urefu milimita 65. Ukubwa huo, kwa teknolojia tuliyonayo, unaishia karibu miliampia-saa 4,000. Ukiona imeandikwa 9,900, irudishe. Njia yangu ni mizani ndogo ya jikoni: ya kweli inakaribia gramu 45 na kuendelea. Niliwahi kuuziwa moja iliyokuja na gramu 28, nyepesi kama soda iliyonywewa nusu. Mara nyingi mimi huchomoa zangu kwenye betri za laptopu zilizokufa, maana kwa kawaida ni seli moja au mbili tu zilizoua kundi zima. Nazijaza hadi volti 4.2, naziacha wiki nzima, kisha napima tena kwa mita. Iliyoshuka sana naitupa, sina huruma nayo.

Ninapoishika tochi mpya huwa naanza na mwanga wake wa chini kabisa, siyo wa juu. Mtengenezaji mvivu hapunguzi umeme, anauwasha na kuuzima haraka haraka ili jicho lione umepungua. Fungua kamera ya simu, ielekeze kwenye mwanga huo. Ukiona mistari myeusi inatembea kwenye skrini, ndiyo hiyo. Ukifanya kazi nayo kwa saa mbili, kichwa kitakuambia. Kisha naipandisha juu kabisa na kuishika mkononi dakika tatu. Ikipata moto halafu ikajishusha yenyewe taratibu, ni dalili njema, ina saketi inayopima joto lake. Ikiendelea tu kuwaka huku ikiunguza, LED inapikwa humo ndani.

Na sasa rangi, ambayo ndiyo iliyonigharimu. LED nyeupe tunazozijua kwa asili ni ya bluu, imepakwa unga wa manjano juu. Hiyo bluu ilitafutwa kwa miaka mingi. Wanasayansi Akasaki, Amano na Nakamura walipewa Nobeli ya fizikia mwaka 2014 kwa ajili yake. Ila unga wa bei rahisi hutoa manjano na kijani kwa wingi, nyekundu iliyokolea hauipatii vizuri. Ndiyo maana chini ya tochi nyingi nyama huonekana ya kijivu, na nyekundu na kahawia zinakuwa ndugu. Kipimo cha jinsi mwanga unavyoonyesha rangi kwa ukweli kinaitwa CRI, na jua ni 100. Tochi za kawaida ziko kwenye 70 na kidogo. Juu ya 90 utaona tofauti bila kuambiwa. Gharama yake ni lumeni: LED yenye rangi za kweli hutoa mwanga mdogo kuliko mwenzake wa kawaida kwa umeme ule ule. Ndiyo maana madukani haionekani. Kwenye boksi ingeshindwa.

Kwa hiyo ya 24 ni Convoy S2+, ya Kichina, yenye LED ya Nichia 519A ya rangi za kweli, mwanga wa Kelvini 4500 (kipimo cha rangi ya mwanga). Ni bomba la alumini lisilo na mbwembwe, betri moja, swichi nyuma. Hiyo swichi ni ya kubonyeza yenye kukata umeme kweli kweli. Zile za kielektroniki za ubavuni hunyonya betri kidogo kidogo hata zikiwa zimezimwa. Kama unayo ya aina hiyo, legeza kifuniko cha nyuma robo mzunguko unapoihifadhi. Kwa tochi ambayo nyuzi za kufungia kifuniko zimepakwa rangi isiyopitisha umeme, mkondo unakatika. Niliiagiza bila betri, kwa sababu betri za lithiamu husumbua sana kwenye mizigo ya ndege.

Iko droo moja na tochi ya bati ya marehemu babu, ile ya mawe matatu makubwa na swichi ya kusukuma kwa kidole gumba, yenye balbu ya akiba iliyofichwa ndani ya kifuniko. Wakati wetu mawe yakichoka tuliyaanika juani, na jioni yalifufuka kwa nusu saa. Kwa mwangaza haifui dafu mbele ya yoyote. Lakini balbu yake ya waya, kwa CRI, inazishinda zote zilizoifuata. Niligundua ubora wake baada ya ile amplifaya, nilipozipitisha zote moja moja juu ya resista ile ile. Tochi ya babu, betri zikiwa mpya, ilionyesha kahawia. Ya 24 nayo imeonyesha kahawia.

Mteja nilimbadilishia bila malipo. Resista yenyewe bado ninayo, imefungwa kwa uzi kwenye mkono wa droo, na tochi yoyote inayotaka kuingia humo inapita kwayo kwanza.