Shahada ya kazi za vijana na jamii: yasemwayo barazani na ukweli wake

"Hiyo kazi ya moyo, shahada ya nini?"

Hili ndilo nalisikia zaidi, Unguja na Pemba. Moyo unatakiwa, hakuna abishaye. Lakini chukua maskani moja tu, kijiwe cha vijana, pale Ng'ambo mjini Unguja. Kijana wa miaka 22 anakwambia anatumia unga, yaani heroini. Mwenzake wa miaka 16 anakwambia anapigwa nyumbani, kisha anakuomba: "Usimwambie mtu." Mwenye moyo tu, bila mafunzo, atawaapia wote wawili kuwa hatasema. Aliyesoma hawezi. Kisera kijana ni wa miaka 15 hadi 35, lakini kwa Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Na. 6 ya 2011, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Yule wa pili ni vyote viwili, na habari zake hazina budi kuwafikia ustawi wa jamii. Wa kwanza ni mtu mzima: anaelezwa kuwa hospitali ya Kidongo Chekundu kuna tiba ya methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha heroini, akitaka atasindikizwa, na uamuzi ni wake. Ndiyo maana mtaalamu huweka wazi mapema, kabla siri haijatolewa, lipi litabaki baina yao na lipi halitabaki. Hilo hufundishwa, mtu hazaliwi nalo.

"Si kuchezesha mpira na kupanga semina tu?"

Mpira upo. Ni chambo cha kuwavuta vijana. (Semina, kusema kweli, zimezidi.)

"Ni masomo ya kukaa darasani."

Sehemu kubwa ni mafunzo kwa vitendo: unapelekwa kwenye shehia au taasisi, unaandika kumbukumbu za kila siku, na msimamizi anakuhoji kwa nini ulifanya ulivyofanya. Wengi huchoshwa na maswali hayo kuliko mitihani.

"Ukimaliza, ajira ni kwa wafadhili tu."

Serikali nayo huajiri, ingawa nafasi hazitoshi. Mabaraza ya vijana yaliyoundwa kwa Sheria Na. 16 ya 2013 nayo yanahitaji watu wanaoijua kazi hii. Tatizo liko kwenye jina. England shahada hii inajulikana kwa jina lake, na tangu 2010 ndiyo sifa ya kutambuliwa kitaaluma. Kwetu matangazo ya kazi huandikwa "ustawi wa jamii" au "maendeleo ya jamii". Kabla hujalipa ada, soma matangazo ya karibuni ya ajira serikalini, uone ni jina gani la shahada linalotajwa.