"A", "an" na "the" za Kiingereza: dhana potofu na ukweli kwa wanafunzi wa Uganda

Dhana: "An" hutangulia neno lolote linaloanza na a, e, i, o au u.

Kinachoamua ni sauti, si herufi. "Ugandan" huandikwa kwa u, lakini hutamkwa kwa kuanza na "yu", kwa hiyo ni "a Ugandan", "a university", "a UPDF officer" (UPDF ni jeshi la Uganda). H ya "hour" haisikiki, basi ni "an hour". MP husomwa "em-pi": "an MP". Likiandikwa kwa kirefu, mambo hugeuka: "a Member of Parliament". Litamke neno kabla ya kuliandika, hasa kwenye barua ya kuomba kazi.

Dhana: "The" huja kitu kikitajwa mara ya pili tu.

Hii ndiyo inayoharibu insha nyingi, kwa kuwa ina ukweli nusu. Jiulize: je, anayenisikiliza anajua ni kipi ninachokisema? Akijua, weka "the", hata kama ndiyo mara ya kwanza kukitaja. Abiria akimwambia konda wa teksi Kampala "Open the door", mlango ni ule ulio mbele yao. Ndivyo ilivyo kwa "the sun" na "the highest mountain in Uganda": kipo kimoja tu.

Mzungumzaji wa Kiswahili hufanya uamuzi wa namna hii kila siku. "Nimenunua kitabu" kwa kawaida ni "a book", maana msikilizaji bado hajui kipi. "Nimekinunua kitabu" ni "the book", kile tulichokwisha kukizungumzia. Hiyo "ki" ya kitenzi ni mwanzo mzuri kwa mwalimu, kuliko kuwakaririsha wanafunzi kwamba "the" ni "ile". Wakizoea kukariri hivyo, wataacha "the" kila mahali ambapo Kiswahili hakina "ile".

Dhana: Majina ya mahali hayachukui "the".

Miji, maziwa, mlima mmoja mmoja na nchi nyingi hayachukui: Jinja, Lake Victoria, Mount Elgon, Uganda. Mito na safu za milima huchukua: the Nile, the Rwenzori Mountains. Jina la nchi lenye "republic" au "kingdom" nalo huchukua: the United Kingdom. Kwa vyuo, tazama "of": Makerere University, lakini the University of Nairobi.

Dhana: Nomino yoyote ya umoja yaweza kupewa "a".

"Advice", "information", "furniture" na "luggage" hazihesabiki. Andika "some advice" au "a piece of advice". Mkate dukani ni "a loaf of bread".