Pandharpur: hekalu linalosomwa kuanzia ngazini

Ukifika Pandharpur, katika jimbo la Maharashtra nchini India, usikimbilie foleni ya kuingia hekaluni. Ninasomesha historia ya dini, na huwaambia wanafunzi wangu kwamba hekalu la Vithoba lianzwe nje, kwenye ngazi za lango la mashariki. Ndipo walipozikwa watu ambao visa vyao vinaulizana tangu zamani: mungu huyu ni wa nani?

Vithoba, ambaye waumini humwona kuwa ni Vishnu, mmoja wa miungu wakuu wa Kihindu, katika umbo la Krishna, amechongwa kwa jiwe jeusi. Amesimama wima juu ya tofali, mikono kiunoni. Husimuliwa kwamba alimtembelea muumini wake Pundalik akamkuta anawahudumia wazazi wake. Pundalik hakuinuka, alimrushia mgeni tofali asimamie, asubiri kazi iishe. Mungu akasubiri, na mpaka leo amesimama. Ndani kuna pia jiwe lenye maandishi ya miaka ya 1270, orodha ya watu waliolichangia hekalu. Mahujaji hulisugulia migongo wakiamini litawaepusha na kuzaliwa tena na tena mara milioni 8.4. Waliochanga fedha zao sidhani kama walilitarajia hilo.

Turudi ngazini. Ngazi ya chini kabisa ni ya Namdev, mshairi wa ukoo wa washonaji. Kisa chake cha utotoni kinapendwa sana: baba yake alimtuma apeleke chakula cha sadaka, naye akakaa kumngoja mungu ale. Sanamu ilipokaa kimya, mtoto akatisha kujipasua kichwa. Mungu akala. Uzeeni aliomba azikwe hapo mlangoni ili vumbi la miguu ya waumini limwangukie. Mahujaji wenyewe hawathubutu kuikanyaga ngazi hiyo. Huigusa kwa mkono au paji la uso, kisha huiruka.

Mbele ya ngazi hiyo ndipo alipo Chokhamela, mtu wa karne ya 14. Alikuwa Mahar, tabaka lililohesabiwa najisi, wabeba mizoga na wajenzi wa kuta za vijiji. Hakuruhusiwa kuvuka kizingiti. Katika visa vyake vyote, kwa hiyo, mungu ndiye anayetoka nje kumfuata. Kimoja kinasema Vithoba alikwenda kula kwake, na mkewe Soyrabai akamwagia mtindi nguo ya mgeni. Chokhamela akamwonya mkewe kwa sauti. Kuhani aliyekuwa karibu alimsikia, akaona ni kufuru, akamzaba kofi. Aliporudi hekaluni alikuta sanamu ina mtindi kwenye nguo na shavu limevimba.

Sijui kisa kingine cha kidini kinachoifikisha hukumu kwa ufupi namna hiyo: mkono uliompiga asiyeguswa umempiga mungu.

Chokhamela alifia mji jirani wa Mangalwedha, akiwa kibaruani, ukuta ulipowaporomokea wajenzi. Namdev alikwenda kutafuta mabaki yake katika rundo la mifupa ya watu wengi. Aliitambua ya rafiki yake kwa kuisikiliza: ilikuwa inataja “Vitthal, Vitthal”, jina jingine la mungu wao. Akaileta Pandharpur, ikazikwa hapo hapo nje.

Basi nje ikabaki nje kwa karne sita. Mei 1947, mwalimu na mwandishi Sane Guruji alifunga kula akidai Wadalit, yaani watu wa matabaka yaliyohesabiwa najisi, waruhusiwe kuingia, na mwaka huo huo mlango ukafunguliwa. Tangu hapo kila mtu anaweza kulaza kichwa kwenye miguu ya Vithoba, jambo ambalo mahekalu mengi makubwa ya India hayampi hujaji wa kawaida. Mwaka 2014, baada ya Mahakama Kuu Kabisa ya India kuzima haki za kurithi za koo za makuhani, walianza kuteuliwa hata wanawake na watu wasio Brahmin, tabaka la makuhani.

Visa hivi vina doa, nami silifichi darasani. Katika baadhi ya mashairi yake Chokhamela anakubali kwamba alizaliwa chini kwa makosa ya maisha yaliyopita. B. R. Ambedkar, mwanasheria na mtetezi wa Wadalit, Mahar mwenzake, hakuona dawa katika unyenyekevu wa namna hiyo. Mwaka 1956 aliuacha Uhindu akaingia Ubudha pamoja na mamia ya maelfu ya watu. Lakini ubishi huo ulikuwemo tayari ndani ya nyumba ya Chokhamela. Soyrabai aliuliza: ikiwa mwili ndio unajisi, ni nani aliyezaliwa bila huo unajisi? Mwana wao Karmamela alikuwa mkali zaidi. Alimwambia Vithoba kwamba ndiye aliyewafanya wa chini, wakaishi kwa makombo, na kwamba angepaswa kuona aibu.

Ukipanga safari, soma kwanza mashairi ya mama huyo na mwanawe. Na kama hupendi msongamano, epuka siku ya Ashadhi Ekadashi, Juni au Julai, wakati misafara ya watembea kwa miguu kutoka Alandi na Dehu inapoingia mjini baada ya mwendo wa karibu wiki tatu.