Msizibe utoro: usalama wa mabwawa madogo ya udongo vijijini

Mwezi uliopita nilifika kwenye bwawa la kupunguza mafuriko katika kijiji kimoja cha Mkoa wa Dodoma. Tuta lake lina kimo cha mita saba hivi. Bwawa lilikuwa kavu na ng'ombe wanachunga ndani yake. Utoro, ile njia pana iliyochimbwa pembeni ya tuta ili maji yakizidi yapite hapo, ulikuwa umegeuzwa shamba. Mabua ya mtama wa msimu uliopita yalikuwa bado yamesimama, na kwenye mdomo wake vilikuwa vimepangwa viroba vya mchanga hadi juu ya goti ili maji yasije yakaharibu mazao. Nilimwamkia mwenye shamba, akaniitikia vizuri, na nilipomuuliza habari za viroba akasema, "Mwanangu, huu mwaka wa sita maji hayajapita hapa."

Alikuwa anasema kweli, na hapo ndipo nilipoingiwa na hofu.

Lambo la kunyweshea mifugo hujaa karibu kila masika. Kasoro zake hujitokeza mapema, watu wakaziona na kuzizoea, na wakati mwingine wakazirekebisha. Bwawa la mafuriko haliko hivyo. Kazi yake ni kukaa tupu likisubiri. Kiangazi kizima udongo wa mfinyanzi wa tuta unakauka na kupasuka, mchwa wanachimba, nungunungu wanajitafutia makazi, na mizizi ya miti iliyokatwa inaoza na kuacha mashimo. Kisha siku moja mvua inanyesha juu milimani, maji yanashuka usiku, na kufikia alfajiri tuta limebeba mzigo ambao halijawahi kuubeba. Kila mafuriko makubwa kwa bwawa la aina hii ni kama kujazwa kwa mara ya kwanza, na kujaza kwa mara ya kwanza ndiko tunakokuogopa sisi wahandisi. Bwawa la Teton katika jimbo la Idaho, Marekani, lilikuwa kubwa kupita kiasi ukililinganisha na haya yetu, na lilisanifiwa na wataalamu wa serikali. Lilikuwa linajazwa kwa mara ya kwanza. Asubuhi ya tarehe 5 Juni 1976 maji ya matope yalionekana yakichuruzika, na kabla ya saa sita mchana bwawa lilikuwa limebomoka. Watu 11 walikufa.

Tume ya Kimataifa ya Mabwawa Makubwa huliita bwawa kubwa lile lenye kimo cha mita 15 au zaidi, au la mita 5 hadi 15 likiwa na maji yanayozidi mita za ujazo milioni 3. Mabwawa mengi ya vijijini hayafikii hapo, basi yanaitwa madogo, na neno hilo limetupotosha. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Bwawa "dogo" la mita za ujazo 50,000 limeshikilia tani 50,000 juu ya nyumba za watu, na kinachozizuia ni udongo mtupu. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa la udongo la shambani lilipasuka huko Solai, Kaunti ya Nakuru nchini Kenya. Wengi walikuwa majumbani mwao. Watu wasiopungua 47 walipoteza maisha.

Tuta la udongo hubomoka kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni maji kulipita juu. Zege linaweza kustahimili kupitwa juu kwa muda, udongo hauwezi. Maji yakishaanza kumwagika upande wa nyuma wa tuta, ule usio na maji, yanachimba kuanzia chini, shimo linapanda kuelekea kwenye maji, na likifika kileleni hakuna tena wa kulizuia. Maji hayachagui katikati ya tuta wala mahali pazuri. Yanatafuta penye bonde hata kama ni la sentimita chache, na vijijini bonde hilo huwa mahali panapojulikana: pale ng'ombe wanapovukia, au pale bodaboda zilipojitengenezea njia ya mkato. Kwenye bwawa nililolitembelea tulipima kilele kwa levo ya mpira, ule mpira wa maji unaoonesha ndani ambao kila fundi mwashi anao. Kwenye njia ya ng'ombe tuta lilikuwa limelika sentimita 35. Kwa macho usingeona kitu. Kazi hiyo haihitaji mhandisi. Fundi wa kijiji na vijana wawili wataimaliza kabla ya mchana.

Sasa rudi kwenye viroba. Utoro wa bwawa lile ulikuwa mita moja chini ya kilele cha tuta. Viroba vilikuwa na kimo cha sentimita 60, kwa hiyo zilibaki sentimita 40. Mtu anaweza kudhani utoro umepoteza zaidi kidogo ya nusu ya uwezo wake. Sivyo. Maji yanayopita kwenye utoro hupungua haraka kuliko kina kinavyopungua, na kina kikishuka kutoka mita moja hadi sentimita 40 unabaki na takriban robo tu ya maji yale ambayo utoro ungeweza kuyapitisha. Toa tena zile sentimita 35 za njia ya ng'ombe: zinabaki tano. Bwawa hilo lilikuwa limepungukiwa na usalama wake wote, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Mmoja alilinda mtama wake, wengine walikuwa wanapeleka mifugo malishoni.

Njia ya pili ni maji kupenya ndani ya tuta. Kila tuta la udongo huvuja kidogo, na unyevunyevu chini ya tuta peke yake si wa kutisha. Cha kuangalia ni rangi ya maji. Chukua chupa ya plastiki safi, kinga maji yanayotoka, iache imetulia kwa saa moja. Yakiwa safi, yapimwe tena kesho na keshokutwa na muandike yanavyotoka, yanaongezeka au la. Chupa ikibaki na tope chini, tuta linaliwa kutoka ndani. Hapo watu wengi hukimbilia kuziba tundu kwa udongo wa mfinyanzi, na hilo ni kosa, kwa sababu maji yaliyofungiwa hutafuta mlango mwingine usiouona. Wekeni mchanga safi juu ya tundu, kisha kokoto, kisha mawe, ili maji yaendelee kutoka lakini udongo ubaki. Fungueni bomba la kutolea maji. Na bila kungoja matokeo, ondoeni watu bondeni. Mkiona maji yanazunguka kama kinu upande wa bwawani, acheni kila kitu na msipande juu ya tuta.

Kwa Dodoma na maeneo yanayofanana nayo kuna jambo jingine kuhusu udongo wenyewe. Upo udongo ambao mkononi ni mgumu kama tofali lakini ukikutana na maji unayeyuka. Bonge dogo la udongo huo ukilitumbukiza kwenye glasi ya maji ya mvua bila kulikoroga, dakika chache baadaye utaona linazungukwa na ukungu kama maziwa. Jaribio hilo halilipiwi. Kama kijiji chenu kinajengewa bwawa, ombeni lifanywe mbele yenu kabla tinga halijaanza kusukuma.

Nije kwenye bomba, maana hapa ndipo penye ugomvi. Bwawa la mafuriko lina bomba chini ya tuta ambalo hukaa wazi ili maji yatoke polepole na bwawa liwe tupu kabla ya mvua inayofuata. Ikifika Mei watu wanaliziba. Wanaona maji yanaenda zake huku mama anatembea kilometa nne na ndoo kichwani, na ng'ombe wana kiu. Siwalaumu, na mtaalamu anayewafokea hajawahi kuishi kijijini mwezi wa Septemba. Lakini bwawa lililojaa Desemba haliwezi kupokea mafuriko ya Desemba. Dawa ni kusema tangu kwenye mchoro kwamba bwawa lina matumizi mawili: maji ya mifugo yabaki chini ya alama fulani, bomba lianzie juu ya alama hiyo, na birika la kunyweshea lijengwe nje ya tuta. Kama bwawa limeshajengwa bila hayo, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inahusu pia usalama wa mabwawa. Serikali ya kijiji iiandikie Bodi ya Maji ya Bonde ili mtaalamu aliyeidhinishwa aje. Barua ya ukurasa mmoja inatosha.

Msisahau pia mabwawa ambayo hakuna aliyeyajenga. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024 maji yaliwasomba watu waliolala Mai Mahiu, Kenya, wakafa zaidi ya 40. Mwanzoni ilisemwa bwawa limepasuka. Baadaye mamlaka zikaeleza kuwa maji yalijikusanya nyuma ya tuta la reli, kwenye kalavati lililozibwa na magogo na matope. Tuta lolote la barabara au reli lenye kalavati lililoziba ni bwawa lisilo na utoro.

Kuna jambo nimeliona karibu kila mahali. Bwawa likishajengwa na mafuriko yakapungua, watu wanahamia bondeni. Viwanja ni tambarare, udongo una rutuba. Miaka kumi baadaye waliolala chini ya tuta ni wengi kuliko siku lilipozinduliwa. Kwa hiyo kijiji kiamue mapema nani anakaa tutani usiku wa mvua kubwa, anampigia nani simu, na mtandao ukikatika ni kipaza sauti cha msikiti, kengele ya kanisa au ngoma. Watoto wafundishwe kukimbilia mlimani pembeni. Anayekimbia kufuata bonde anakimbia njia moja na maji.

Pale kijijini, Jumamosi iliyopita vijana walitoa viroba vyote na mwenyekiti amemwonesha yule mzee eneo jingine la mtama. Njia ya ng'ombe bado haijajazwa. Udongo wake unatakiwa kumwagwa kwa matabaka ya sentimita 15 hadi 20, kila tabaka linyunyiziwe maji na kushindiliwa, na gari la maji halijapatikana. Wingu la kwanza limeshaonekana.