Injini ya sheria haimfukuzi programa, jamani

Jamaa yangu mwenye gesti Shela kaniambia juzi tukinywa kahawa, eti anataka injini ya sheria, yaani programu ya kushika masharti ya biashara kama ya bei, abadilishe bei mwenyewe asimlipe programa tena. Hapo ndo wengi wanapokosea.

Ni kweli injini inazitoa zile "ikiwa hivi, fanya vile" ndani ya msimbo na kuziweka kando, bei ya Maulidi ikibadilika hugusi programu nzima. Drools, mojawapo ya injini hizo, inafanya hivyo, kwa mbinu ilotokana na wazo la Rete la mtaalamu wa kompyuta Charles Forgy, yaani inakumbuka masharti ilokwisha kuyalinganisha isianze upya kila mara. Sawa.

Sasa tazama. Sheria moja: Maulidi, ongeza asilimia 20. Nyingine: akikaa siku 7 mpunguzie 2,000. Kaja mgeni wa siku 7 wiki hiyohiyo ya Maulidi, vyumba jumla 35,000. Ukiongeza kwanza analipa 40,000, ukipunguza kwanza 39,600. Ipi ianze? Injini haijui unataka ipi, lazima mtu aipangie kipaumbele, na si hilo tu, bei ikishabadilika injini yaweza kuikagua tena ile sheria ikafanya kazi tena ikaongeza tena, mpaka mgeni anadaiwa bei ya jahazi zima! Nani atayajaribu hayo kabla ya mgeni kufika? Programa yuleyule.

Na jamaa yangu sheria zake sita tu, azibadilisha mara mbili kwa mwaka. Nikamwambia jedwali moja kwenye databesi lamtosha, akaninunia mpaka kahawa ikaisha.