Goti kwenye MRI ya tesla 7: kivuli kinatoka wapi?

Wanafunzi wa radiolojia hapa Mwanza huziona picha za tesla 7 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) majaridani kabla ya kuiona mashine yenyewe, na dhana hizi potofu huota mizizi mapema.

Dhana: Giza upande mmoja wa goti ni koili mbovu.

Huenda koili, yaani antena ya mawimbi ya redio inayozunguka goti, ni nzima. Kwenye tesla 7 haidrojeni huitika kwa takriban megahezi 298, na wimbi la redio ndani ya misuli hufupika hadi sentimita 12 hivi, karibu sawa na upana wa goti la mtu mzima. Mawimbi hukutana kama yale yanayolizunguka Jiwe la Bismarck, mwamba ulio ziwani hapa Mwanza: hapa yanaongezana, pale yanauana. Jaribu fantomu (chombo cha majaribio kinachopigwa picha badala ya mtu) ya mafuta, ambamo wimbi halifupiki kiasi hicho. Ikitoka sawa, usiilaumu koili.

Dhana: Ongeza nguvu ya kurusha.

Penye giza patapata nafuu, lakini palipokuwa sawa patapitiliza pembe ya kugeuza, yaani kiasi ambacho pigo la redio huzigeuza sumaku ndogo za haidrojeni. Volti zikizidishwa mara mbili, SAR, yaani kiwango cha nishati ya redio inayofyonzwa na mwili, hupanda mara nne.

Dhana: Programu ya kusawazisha mng'ao inamaliza kazi.

Hapa ndipo wengi huteleza, kwa sababu picha hutoka nzuri. Programu hurekebisha mng'ao unaotokana na upokeaji, yaani ngozi kung'aa kwa kuwa karibu na koili. Haiwezi kurudisha utofauti wa tishu uliopotea kwa sababu pembe haikufika. Kwenye vipimo vya T2 (muda wa kufifia kwa ishara) vya gegedu hasara ni kubwa zaidi: pigo la digrii 180 likifika 120 tu, mwangwi wa ziada huchanganyika na ule halisi, na hesabu ya kawaida hutoa T2 ndefu kuliko ukweli. Gegedu lenye afya litaonekana gonjwa. Chukua kwanza ramani ya B1, yaani ya nguvu ya wimbi linalorushwa katika kila sehemu ya goti. Ndiyo itakayokuambia kama kasoro iko kwenye kurusha au kupokea.

Dhana: Mfuko wowote wa maji unatosha kuwa pedi.

Pedi huwekwa kando ya goti ili kusawazisha wimbi la redio. Maji ya kawaida yataonekana pichani, na pemitiviti yake (uwezo wa kuathiri uga wa umeme wa wimbi) ni kama 80 tu. Pedi nzuri ni uji wa kalsiamu titanati na maji mazito (yenye deuteri badala ya haidrojeni ya kawaida), pemitiviti takriban 110, unene milimita 5 hadi 10, ukiwa umefungwa kwenye plastiki isiyovuja. Ilaze upande wenye giza, kisha rudia shimu (kusawazisha uga wa sumaku) na upimaji wa volti ya kurusha. Ukiziacha za awali, pembe zitakosewa upya. Uji ukikauka au kujikusanya kona moja, pedi hupoteza nguvu, kwa hiyo ikande kabla ya kuitumia.